Mkali au Mshika Kanuni? Kuhusu Kivumishi "strict" katika Tafsiri za Kiswahili

Makala haya mafupi yanahakiki desturi moja iliyoota mizizi miongoni mwa wafasiri wetu, nayo ni kuandika -kali kila wanapokutana na kivumishi cha Kiingereza "strict". Desturi hii haikuanzia Bunia. Lakini hapa Ituri, ambapo Kiingereza hutufikia kutoka Uganda kwa njia ya Mahagi na Aru, Kifaransa kikiwa lugha ya darasani na Kiswahili lugha ya soko, kanisa na zahanati, madhara yake hayakawii kuonekana.

Katika zoezi moja la tafsiri niliwapa wanafunzi mafungu matano ya maneno, kila fungu likiwa na kivumishi hicho: moja kuhusu mwalimu, moja kuhusu sheria, moja kuhusu chakula anachoagizwa mgonjwa, moja kuhusu siri, na la mwisho kuhusu maana ya neno. Wengi wao walirudisha mwalimu mkali, sheria kali, chakula kikali, siri kali na maana kali. Aliyeandika "chakula kikali" aliulizwa na wenzake iwapo mgonjwa wa sukari siku hizi anatibiwa kwa pilipili. Tulicheka, naye akacheka pia. Lakini alipofungua kamusi yake kujitetea, -kali ndilo lililokuwa neno la kwanza, bila mfano wowote wa matumizi. Kosa, kwa hiyo, halikuwa lake peke yake.

Tuanze na -kali lenyewe. Kisu kikali hukata, jua kali huchoma, mbwa mkali huuma, siki kali hukunja uso wa anayeionja. Katika matumizi yote haya ukali ni sifa iliyomo ndani ya kitu, na anayekigusa huipata kwa maumivu au kwa hofu. "Strict" haihitaji hasira wala maumivu. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini stringere, yaani kukaza au kubana. Strictus ni kile kilichokazwa, kama fundo. Kinachoelezwa hapo hasa ni uhusiano baina ya mtu na kanuni: kanuni imekazwa, haina upenyo. Mwalimu wa namna hiyo anaweza kuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye tabasamu, ambaye hata hivyo hapokei kazi iliyochelewa kwa siku moja. Kifaransa kwa kawaida hulitenga jambo hili, strict ikielekea kwenye kanuni na sévère kwenye mtu au adhabu, na mwanafunzi wetu huyajua maneno yote mawili tangu shule ya sekondari. Ajabu ni kwamba akifika kwenye Kiswahili huyatia yote katika kapu moja.

Mfano bora niujuao umo katika tamthilia ya Shakespeare ambayo msomaji wa Kiswahili anaifahamu kwa jina la Mabepari wa Venisi, katika tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Katika onyesho la mahakama, Portia, akiwa amejificha ndani ya joho la mwanasheria, anaieleza mahakama ya Venisi kwa kivumishi hichohicho katika matini ya Kiingereza. Sasa tuitazame mahakama yenyewe. Mtawala anayeisimamia kesi amekwisha kumwonea Antonio huruma hadharani. Hana hasira naye hata chembe. Kinachomfunga mikono ni hati aliyoikubali mdaiwa mwenyewe, na hoja kwamba hati moja ikivunjwa leo nyingine nyingi zitavunjwa kesho. Hapo pana huruma tele, ila ulegevu hapana. Tena ni kukazwa huko kwa sheria kunakomwokoa Antonio: hati imetaja ratili ya nyama, haikutaja damu, na Shylock anaambiwa achukue kilichoandikwa, bila kupungua wala kuzidi. Mfasiri akiandika "mahakama kali", amempa msomaji mahakama inayonguruma, na mgeuko wa kesi unafika bila kutayarishwa. Mahakama ile hainguruma, inasoma hati.

Wafasiri wa Biblia walikabili tatizo lililo jirani na hili. Mtumwa aliyeificha fedha ya bwana wake anamweleza bwana huyo, katika Kiingereza cha mwaka 1611, kwa kivumishi kimoja katika Mathayo 25 na kwa kingine, "austere", katika Luka 19, kama Kigiriki chenyewe kilivyotofautisha. Tafsiri ya Union ya mwaka 1952 imetumia -gumu mahali pote pawili. Tofauti imepotea, hilo tukubali. Hata hivyo naona wafasiri wale walikuwa na sikio jema, kwa kuwa bwana wa mfano huu anadai hesabu yake, na -gumu, ambalo huelekea pia kwenye ubahili, linamfaa mtu asiyesamehe faida. Wangeandika -kali, mtumwa angeonekana kaogopa fimbo tu.

Yote haya yangeweza kubaki mjadala wa darasani, lau si kwamba kivumishi hiki hupenda sana kukaa katika maagizo ya afya. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulihesabu wagonjwa 3,470 na vifo 2,287 katika Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini. Tuchukue agizo la kawaida la wakati kama huo, lile la kuwafuatilia waliokutana na mgonjwa, na kivumishi chetu kikiwa ndani yake. Mfasiri wa haraka ataandika "ufuatiliaji mkali". Katika mji ambao tangu mwaka 1999 umeshuhudia wanajeshi na wanamgambo wa kila namna, kufuatiliwa kwa ukali ni kusakwa. Matini chasili haikusema hivyo hata kidogo. Ilisema kwamba mtu atatembelewa kila siku kwa siku 21, bila kuruka hata moja, kwa sababu virusi vinaweza kukaa mwilini muda wote huo kabla dalili hazijatokea. Sidai kwamba neno moja lilimkimbiza mtu nyumbani kwake. Ninachosema ni kwamba anayesakwa ana sababu ya kujificha, na anayetembelewa hana. Na mfasiri ndiye aliyechagua baina ya hayo mawili.

Kiswahili hakikosi njia hapa, ila njia zenyewe mara nyingi hazimo katika vivumishi. Zimo katika vitenzi: kushika, kukaza, kutolegeza. Muumini wa namna hii huitwa aliyeshika dini, na ndugu zetu Waislamu humwita mtu wa swala tano, maneno ambayo hakuna kamusi ingeyapata kwa kuanzia kwenye neno la Kiingereza. Chakula cha mgonjwa ni mlo wa masharti. Siri ni ile isiyotoka hata kwa mtu mmoja. Maana ya neno ni maana halisi, au maana finyu, kwa kutegemea hoja ya mwandishi. Katazo ni marufuku kabisa, na hapo kielezi kimetosha.

Mwenzangu mmoja idarani amenipinga kwa kusema kwamba watu wa Bunia wenyewe humwita mwalimu wa namna hiyo mukali, na wote huelewana. Ana haki, lakini nusu tu. Mukali huyo anaweza kuwa mwenye fimbo, anaweza kuwa asiyelegeza kanuni, na kwa vijana wa leo anaweza kuwa hodari wa somo lake, kama wanavyomwita mwimbaji wampendaye. Wasemaji huelewana kwa sababu wote wanamjua mwalimu anayesemwa. Msomaji wa tafsiri hamjui. Vivyo hivyo, sheria kali ni usemi sahihi pale adhabu inapokuwa nzito. Sheria ya kufunga maduka saa kumi na mbili jioni, yenye faini ndogo isiyosamehewa mtu yeyote, si kali, imekazwa.

Zoezi lile nimeliweka tena katika mtihani wa mwaka huu. Fungu la chakula nimeliacha kama lilivyokuwa.