Kalafati Iliyokaa: Namna ya Kukagua Jahazi la Zamani Lililotengenezwa

Jahazi kuukuu likishapakwa rangi mpya hudanganya macho upesi. Mnunuzi husimama mchangani maji yamekupwa, akaona ubavu unang'aa, akaridhika. Mimi humwambia aanzie ndani: ashuke ngamani na tochi, apapase mataruma kwa mkono, ndipo atoke nje kutazama kalafati.

Kalafati ya pwani yetu, iwe ya Matondoni kule Lamu au ya Nungwi, Unguja, ni nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta ya nazi au sifa ya papa, zikashindiliwa kwa patasi na nyundo kati ya ubao na ubao. Kazi ya kweli huanza kwa kubomoa: pamba ya zamani huchokolewa yote mpaka kingo za mbao zionekane safi. Fundi mvivu huongeza pamba mpya juu ya ile iliyooza, akafunika kwa chokaa na shahamu. Bonyeza hapo kwa ncha ya kisu: kikizama, umeshajua.

Ukibahatika kufika kazi ikiendelea, sikiliza nyundo. Pamba inapoingia mlio ni mzito, wa kufifia. Ikishakaa, mlio huwa mkavu na mkali. Fundi stadi huishia hapo hapo. Kukaza kupita kiasi nako ni kosa, na wanunuzi wengi hawalijui hili. Jahazi lililokaa juu kaskazi nzima mbao zake zimenywea na nafasi zimepanuka. Zikijazwa pamba hadi pomoni, mbao zikirudi majini na kuvimba hazina pa kwenda. Husukumana mpaka zikalegeza misumari kwenye mataruma. Kwa hiyo napenda kuona pamba imekaa chini kidogo ya uso wa ubao.

Kwenye misumari ndiko ninakokawia zaidi. Msumari mrefu wa chuma hupitishwa katika tundu lililotobolewa kwa keke, na chini ya kichwa chake huviringishwa pamba yenye mafuta ili maji yasiufuate ndani. Doa jeusi kuzunguka kichwa maana yake kutu imeshaanza kuula ubao. Hapo msumari mpya ukipigwa katika tundu lile lile hautashika. Tundu huzibwa kwa kigingi cha mti mgumu, msumari ukapigiwa pembeni, penye ubao mzima.

Sitaha wengi huipita tu, nayo ndiyo inayoozesha chombo kimya kimya, maana maji ya mvua huozesha mbao kuliko maji ya chumvi. Kagua kila pete ya kufungia kamba kutokea upande wa chini. Ukiona unyevu, usidhani tundu liko papo hapo: maji huingia mahali pamoja, yakafuata boriti, yakadondokea pengine. Fuata alama kupanda juu. Silikoni iliyopakwa kuzunguka chuma kwa nje, chuma chenyewe hakijang'olewa, mimi siihesabu kuwa matengenezo. Pete iliyotengenezwa kweli iling'olewa, ubao uliolainika ukachongwa ukatolewa, tundu likakaushwa, kitako kikapakwa dawa ya kuzibia upya, kisha ikakazwa mpaka dawa ikafurika kidogo sawasawa pande zote. Ikiwa imefurika upande mmoja tu, pete imekaa upogo.

Siku ya kushusha usitoe hukumu. Hata kwa mkono wa fundi hodari, jahazi litavuja mwanzoni kwa kuwa mbao bado hazijanywa maji. Jioni fua maji yote. Asubuhi tazama yamefika wapi, ukate alama kwenye taruma, kisha uyafue tena. Fanya hivyo siku 2 au 3. Maji yakishuka chini ya alama kila asubuhi, mlipe fundi baki yake. Yakikaa pale pale, shuka naye ngamani jahazi likiwa linaelea, mtafute yanakopenyeza kabla halijapakiwa mzigo.