Safari ya Mbali na Dhuluma ya Karibu katika Walenisi

Katika The Time Machine (1895), riwaya ya H.G. Wells, msafiri anaiacha London yenye utulivu na kufika mwaka 802,701. Huko anakuta binadamu wamegawanyika makundi mawili: wanaostarehe juu ya ardhi, na wanaoishi chini yake kwenye mitambo, ambao huwala wale wa juu. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), ameugeuza mpango huo. Dhuluma imo nyumbani, mahali safari inapoanzia. Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo kinachorushwa angani ili aangamie. Badala yake anafika Walenisi, nchi ya usawa.

Chanzo cha ugeuzi huo kinaeleweka. Mkangi, mwanasosholojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwekwa kizuizini mwaka 1986 bila kuhukumiwa. Kwa msanii aliyepatwa na hayo, maovu hayakuhitaji kubuniwa. Kilichohitaji ubunifu ni wema. Hata jina la nchi hiyo, likitamkwa polepole, huwa sentensi: wale ni sisi. Umbali wote wa anga unafutwa na jina hilo.

Hata hivyo, fani haikuyabeba maudhui haya hadi mwisho. Safari ya Dzombo ina hatari, lakini makao aliyoyafikia hayana. Wenyeji wanamweleza mema ya nchi yao kwa mazungumzo marefu, na mgogoro unalegea. K.W. Wamitila, katika Bina-Adamu! (2002), alifuata njia nyingine: mhusika wake anazunguka dunia akikutana na makovu ya historia, na msomaji huachiwa maswali.

Kasoro hiyo ina uzito kwa sababu Walenisi ilipata kutahiniwa katika shule za sekondari nchini Kenya. Mwanafunzi wa Riruta hahitaji chombo cha angani ili aione jamii ya kitabaka. Mabati ya Kawangware yako jirani naye, na ng'ambo yake ziko bustani za Lavington. Yale ambayo Wells aliyaweka mbali kwa miaka laki nane, kijana huyu huyapita kwa miguu. Asichokiona ni namna ya kuyaondoa. Mkangi alithubutu kumchorea nchi njema. Kazi ya kuijenga, pamoja na jasho na ugomvi wake, bado inawasubiri waandishi wanaomfuata.