Namna ya Kuipima Gemu ya Anga Iliyotengenezwa Nyumbani

Chukua gemu ya uhusika iliyojaa vyombo vya anga, kisha fanya jaribio moja kichwani mwako. Bunduki ya miale igeuze iwe upanga. Kidonge cha kuponya kiwe mzizi wa mganga, roboti awe askari wa sultani, na sayari ya mbali iwe kijiji cha ng'ambo ya mto. Ikiwa hadithi inaendelea vilevile, na mchezaji anabonyeza vitufe vilevile kwa sababu zilezile, anga lile lilikuwa rangi ya kupakwa juu tu. Ikiwa gemu inabomoka, kwa kuwa imo sayansi ya kubuni ambayo pasipo hiyo hakuna cha kuchezwa, basi umeshika kazi inayostahili kupimwa kwa makini.

Nazungumzia gemu ambazo mchezaji huuvaa uhusika wa mtu, huukuza uwezo wake na kumwamulia njia. Zaidi nazungumzia zile zinazotengenezwa na mtu mmoja au marafiki wachache, bila kampuni kubwa nyuma yao. Zana si kikwazo tena. RPG Maker, programu ya kutengenezea gemu za aina hii bila kuandika msimbo mwingi, ilianza kutolewa kwa kompyuta za nyumbani nchini Japani mwaka 1992. Godot, iliyozaliwa Argentina, imekuwa wazi kwa kila mtu tangu mwaka 2014, tena bila malipo. Mwenye laptopu ya kawaida anaweza kuanza leo usiku. Kwa hiyo kinachotenga kazi njema na kazi dhaifu ni maamuzi ya mtengenezaji, na maamuzi hayo yanasomeka kwenye skrini ukijua pa kutazama.

Sayansi iwe kanuni

Mfano bora ninaoujua ni Citizen Sleeper ya mwaka 2022. Ilibuniwa na kuandikwa na Gareth Damian Martin, picha za wahusika zikachorwa na Guillaume Singelin na muziki ukatungwa na Amos Roddy. Mchezaji ni nakala ya akili ya binadamu iliyotiwa katika mwili wa kutengenezwa. Mwili huo ni mali ya kampuni, na mwenyewe ametoroka nao hadi kituo cha anga kilichochakaa. Kampuni iliuunda kwa namna ambayo utaoza usipopata dawa yake.

Tazama jambo hilo linavyogeuka kuwa mchezo. Kila siku inapoanza unarusha dadu. Mwili ukiwa na afya unapata dadu tano, ukizorota, zinapungua. Kila shughuli, iwe kibarua kwenye yadi ya kubomolea meli au kutafuta mtu wa kukuuzia dawa, inakula dadu moja, na dadu yenye namba ndogo inakuja na hatari ya kuumia. Hakuna anayekuhubiria kuhusu umaskini. Unaamka una dadu mbili, dawa ni ghali, njaa inabisha, na rafiki anakungoja umsaidie. Sayansi ya kubuni, kanuni ya mchezo na maumivu ya mhusika vimekuwa kitu kimoja.

To the Moon ya Kan Gao wa Kanada, iliyotoka mwaka 2011 na kutengenezwa kwa RPG Maker XP, inafanya hivyohivyo kwa njia ya upole zaidi. Madaktari wawili wanaingia katika kumbukumbu za mzee anayekaribia kufa ili wampe, ndani ya kumbukumbu hizo, safari ya mwezini aliyoitamani. Mashine yao haiwezi kurukia utotoni moja kwa moja. Lazima warudi nyuma hatua kwa hatua, na katika kila kumbukumbu watafute vitu vyenye uzito moyoni mwa mzee ndipo mlango wa kumbukumbu ya nyuma yake ufunguke. Kwa hiyo mchezaji anakutana na majibu kabla ya maswali, na anamjua mke kabla ya kujua walivyokutana. Mapigano karibu hayamo kabisa, wala huhisi pengo lake.

Wa tatu ni Starflight ya mwaka 1986. Haikutengenezwa nyumbani, lakini ilikuwa kazi ya kikundi kidogo, na kila mtengenezaji wa nyumbani angefaa kuisoma. Chombo chako kinatumia fueli ya fuwele iitwayo Endurium. Unaichimba, unaihesabu, unaichoma saa zote za mchezo. Karibu na mwisho unagundua kwamba fuwele zile ni viumbe hai wenye akili. Ufunuo huo unauma kwa sababu mikono yako ndiyo iliyowachoma. Kama fueli ingekuwa maelezo ya pembeni tu, habari hiyo ingesomwa na kusahauliwa.

Kipimo cha vitendo ni hiki: cheza nusu saa, kisha jaribu kuikamilisha sentensi "Kwa kuwa katika ulimwengu huu kuna jambo fulani, mimi nalazimika kufanya hivi." Ukiweza kuijaza bila kufungua menyu ya maelezo, mtengenezaji amefanya kazi yake.

Ulimwengu ulioamuliwa

Sidai fizikia ya chuo kikuu. Nadai mtengenezaji awe ameamua. Ishara ya redio kutoka duniani hadi Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi, kutegemea sayari hizo mbili ziko wapi. Gemu inayomweka mhusika Mirihi akipiga soga na mkubwa wake aliyeko duniani, jibu likirudi papo hapo, ina njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kubuni mtambo wa mawasiliano ya haraka, kisha kutuambia ni wa nani, unagharimu nini, na nani amenyimwa. Ya pili ni kuikubali subira: mhusika anatuma ombi, hewa inapungua, naye anapaswa kuamua kabla jibu halijafika. Njia zote mbili zinazaa mchezo. Njia ya tatu, ya kutowaza kabisa, haizai kitu.

Mahali napo ni uamuzi. Watengenezaji wengi huanzia katika kituo cha kijeshi kisicho na kabila wala chakula, kwa kuwa ndicho walichokiona katika filamu. Msomaji wa pwani yetu ana utajiri mwingine. Huko Ngomeni karibu na Malindi, Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini, kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha siku yake ya uhuru, hapo ndipo iliporushwa Uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei kutoka angani. Sababu ya kuchagua mahali pale ni ya kisayansi kabisa: karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huisukuma roketi zaidi. Gemu inayoanzia mahali penye sababu kama hiyo, penye wavuvi, wahandisi na mabishano ya nani anafaidi, ina mbegu za visa hata kabla chombo hakijaruka. Unapopima gemu yoyote, uliza watu wa mahali hapo wanakula nini na nani anawalipa. Kimya katika maswali hayo mawili ni dalili mbaya.

Namba zinazosimulia

Gemu za uhusika hukaa juu ya namba: nguvu, akili, wepesi, uhai. Mwaka 1977 Marc Miller alitoa Traveller, mchezo wa mezani wa anga, ambamo mhusika hujengwa kwa kupitishwa katika ajira ya vipindi vya miaka minne minne. Kila kipindi humwongezea ujuzi na umri, na katika kanuni zile za awali mhusika aliweza kufa kabla mchezo wenyewe haujaanza. Somo lake halijachakaa: kila namba ilikuwa na historia. Mchezaji alijua kwamba ustadi wa urubani ulilipiwa kwa ujana.

Katika gemu ya nyumbani, fungua ukurasa wa mhusika na uisome kila namba. Je, umewahi kuhisi kazi yake? Nne zinazohisika ni bora kuliko kumi na mbili zinazopanda kimyakimya. Pia pendelea namba ndogo. Adui mwenye uhai wa 20 na silaha inayopunguza 7 vinaeleweka mara moja: mapigo matatu. Adui mwenye uhai wa 48,500 humficha mtengenezaji ambaye hakupiga hesabu.

Mapambano

Bonyeza kitufe cha kushambulia peke yake katika mapambano matano mfululizo. Ukishinda yote bila kufikiri, mapambano yale yamewekwa kuurefusha mchezo. Linganisha na Cosmic Star Heroine ya mwaka 2017, iliyotengenezwa na Zeboyd Games, kikundi kidogo sana. Humo, uwezo mwingi wa mhusika ukishautumia mara moja hauwezi kurudiwa mpaka utoe zamu moja ya kujichaji. Nao uhai hurudishwa kamili baada ya kila pambano. Kanuni hizo mbili zinabadilisha kila kitu: huwezi kung'ang'ania pigo moja, na kwa kuwa hakuna pambano linalokudhoofisha kwa ajili ya lijalo, kila moja linaweza kuwa fumbo lililopangwa kwa makusudi. Ubora wa mapambano upo pale ambapo kwenye zamu moja una njia mbili nzuri na unaumia kuiacha mojawapo.

Maamuzi na matokeo yake

Hapa tumia mchezo uliohifadhiwa kama chombo cha uchunguzi. Hifadhi kabla ya uamuzi mkubwa, chagua ndiyo, tazama visa vitatu vinavyofuata. Rudi, chagua hapana, tazama tena. Sidai hadithi mbili kamili. Mtu mmoja hana muda wa kuziandika. Nadai mtu akumbuke. Fundi uliyemnyima msaada asikusalimie kama jana. Bei ipande. Kiti chake mezani kiwe kitupu.

Kisha fanya jaribio la pili: tumia fueli yote ukiwa bandari ya mbali kabisa, bila pesa. Gemu dhaifu inakuacha umekwama, huna la kufanya ila kuanza upya. Gemu iliyofikiriwa ina jibu, na mara nyingi jibu hilo ndilo kisa kizuri kuliko vyote: mkopo wenye masharti magumu, kuvutwa na chombo cha mtu usiyempenda, kuuza sehemu ya mashine unayoihitaji. Kushindwa kukigeuka kuwa hadithi, ujue mtengenezaji aliwaza kuhusu mchezaji halisi.

Maandishi

Soma mazungumzo kwa sauti. Wahusika wazuri hawaelezani mambo wanayoyajua wote kwa ajili ya mgeni aliye nje ya skrini. Rubani hamwambii mwenzake injini yao inafanyaje kazi. Anamlaumu kwa kutoisafisha. Ulimwengu unajengwa kwa malalamiko, maagizo, bei na matusi ya heshima kuliko kwa hotuba za historia ya miaka elfu moja.

Kwa gemu za Kiswahili kuna kipimo kinachofichua ustadi papo hapo, nacho ni ngeli. Kompyuta hupenda kuunganisha sentensi kwa kuchomeka jina la kitu katika nafasi iliyoachwa wazi. Kwa hiyo gemu iliyotungwa kwa "kisu kimevunjika" itakuja kutuambia "betri kimevunjika" na "roboti kimevunjika". Mtengenezaji makini huhifadhi ngeli ya kila kitu pamoja na jina lake ili kitenzi kipatane, au huandika kwa namna inayoukwepa mtego: "Umepata: betri 3." Anayejali kiasi hicho kuhusu sentensi moja fupi amejali na mengine usiyoyaona.

Picha, sauti na ukubwa

Kutumia picha za bure si dhambi. Kosa ni kuchanganya. Mhusika aliyechorwa kwa pikseli kubwa akisimama mbele ya mlango wa pikseli ndogo mara nne, jicho linakataa kuamini kwamba wapo mahali pamoja. Tafuta rangi chache zenye msimamo, maandishi yanayosomeka bila kukodoa macho, na sauti zinazotofautiana: mlango wa chombo usilie kama kitufe cha menyu. Muziki wa dakika moja unaorudiwa usikuchoshe ndani ya dakika kumi.

Ukubwa ndio unaoua gemu nyingi za nyumbani. Starflight iliweka sayari 800 katika diski laini mbili kwa kuzizalisha kwa hesabu, na utupu wake ulikuwa na kazi: ulikufanya upime fueli dhidi ya madini. Anayechora sayari kumi na mbili kwa mkono, kila moja ikiwa na watu watatu wasio na la kusema, ameiga wingi bila sababu yake. To the Moon humalizika kwa saa nne hivi, na hakuna saa iliyopotea. Kituo kimoja chenye watu ishirini wanaobadilika ni ulimwengu mpana wa kutosha.

Cha kusamehe

Samehe mchoro wa mkono usio na uzoefu, mlio wa redio uliorekodiwa kwa simu, menyu yenye sura ya kawaida, na hitilafu ndogo zinazorekebishika. Hayo ni ya vifaa na muda. Usisamehe dharau kwa muda wa mchezaji, mapambano ya kujazia, uchaguzi usiobadilisha kitu, wala sayansi isiyomgusa yeyote aliye ndani ya hadithi.

Ukikutana na gemu inayopita vipimo hivi, imalize, kisha mwandikie aliyeitengeneza umweleze kanuni ipi ilikulazimisha kuamua nini, na uliamua vipi. Sifa za jumla hazimsaidii. Maelezo ya namna hiyo yanamwonyesha kwamba wazo alilolianza peke yake limefika kwa mtu mwingine likiwa zima, na yanamwambia hasa cha kushikilia katika kazi yake ijayo.