Akili ya Mzigo

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, walisema watu wa pwani, na tangu hapo sifa ya mbebaji imebaki kuwa ya mgongo na misuli. Tumesahau kwamba wapagazi waliotembea kati ya Tabora na Bagamoyo karne ya 19 walikuwa mafundi: walijua kuugawa mzigo, kuufunga, na kuupima mwendo usiwamalize kabla ya kituo. Ufundi huo haujafa. Uko Kariakoo, juu ya magurudumu matatu.

Guta la pedeli halina maajabu: mbele baiskeli, nyuma kitanda cha kubebea mizigo. Maajabu yako kwa anayelipakia. Mtazame akipanga bidhaa za mama mwenye duka Magomeni. Kwanza mifuko ya sukari, kilo 50 kila mmoja, anailaza juu ya ekseli. Ikirudi nyuma mno, gurudumu la mbele litanyanyuka. Ikisogea mbele mno, usukani utagoma. Madumu ya mafuta anayabananisha pembeni yasije yakacheza. Trei za mayai zinakaa mbele, karibu na mgongo wake.

“Mayai si ungeyaweka nyuma?” mama anauliza.

“Nyuma kunarukaruka, mama. Tutafika na chipsi mayai.”

Kisha anavuta mpira uliochanwa kwenye tyubu kuukuu, anauzungusha, anakaza, na kuusukuma mzigo kwa bega. Ukitikisika peke yake, anafungua na kuanza upya. Ukitikisika pamoja na guta, anapanda.

“Pisha mzigo!” Anapenya Msimbazi, anaingia Barabara ya Morogoro, na mbele yake ni mteremko wa Jangwani. Hapo ndipo wenye nguvu tupu wanapoumbuka. Uzito aliohangaika kuusogeza pale Kariakoo sasa ndio unaomsukuma, kwa hiyo anakamata breki kabla ya mteremko, si katikati yake. Daladala iliyo mbele ameshaisoma: konda amening'inia mlangoni, itasimama wakati wowote. Kwenye kona guta halilali kama baiskeli, basi anapunguza mwendo na kuegemeza mwili wake upande wa ndani. Mlima wa kupanda Magomeni anashuka na kusukuma, bila aibu; kutunza magoti ni sehemu ya kazi.

Siku hizi maguta ya injini yamejaa, na ni heri, maana hakuna sababu ya mtu kuvunjika kiuno ili sisi tupate cha kusifia. Lakini injini imeondoa jasho la mlima tu. Haifungi mzigo, wala haijui mayai yakae wapi.

Tunapopatana bei tunahesabu kilo na umbali, kana kwamba tumekodi miguu. Yakifika mayai yote mazima, tujue kilichofanya kazi ni kichwa, na bei ipangwe hivyo.