Kitabu cha Daktari wa Lambaréné

Wapo watu wengi waliotoka kwao kwenda kuwauguza watu wa nchi za mbali, walakini ni wachache walioandika sawasawa jinsi siku yao ilivyokwenda tangu asubuhi hata jioni. Kwa ajili hiyo twapenda kunena habari za kitabu cha Albert Schweitzer kilichopigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1921. Jina lake, tukilitia katika lugha yetu, ni Kati ya Maji na Msitu wa Kale.

Bwana huyu alikuwa mwalimu wa elimu ya dini na mpiga kinanda mashuhuri. Mwaka 1905, naye amekwisha kupata miaka 30, alianza kujifunza udaktari. Mwaka 1913 alifika Lambaréné, kando ya mto Ogowe katika Gabon, iliyotawaliwa na Ufaransa siku zile, pamoja na mkewe Helene aliyejifunza uuguzi.

Atafutaye humo masimulizi ya ushujaa hatapata mengi. Atakuta kibanda cha kuku kilichopakwa chokaa kiwe chumba cha kutazamia wagonjwa. Atakuta malale, ukoma, donda ndugu na ngiri. Kila asubuhi wagonjwa walisomewa amri sita: wasiteme mate karibu na nyumba ya daktari, wasipige kelele, waje na chakula cha siku moja, wasilale kituoni pasipo ruhusa, warudishe chupa na makopo ya dawa, na meli ikiisha kupita kwenda juu ya mto katikati ya mwezi, wasije ila wenye ugonjwa wa haraka mpaka irudi, kwa kuwa daktari yu katika kuandika barua za kuagiza dawa Ulaya. Amri ile ya chupa yatupendeza kuliko mahali pengi pa kitabu. Mwalimu aliyepata kuhesabu vipande vya chaki sandukuni, na mwezi haujaisha, ataijua sababu.

Amri hizo zilisomwa kwa lugha za wenyeji. Mkalimani na msaidizi wa daktari alikuwa Joseph, aliyekuwa mpishi zamani. Hakujua kusoma maandishi, lakini alipotumwa kuleta dawa rafuni hakukosea, maana aliyashika moyoni maumbo ya maneno yaliyoandikwa juu ya chupa. Maumivu ya wagonjwa aliyaeleza kwa majina ya mafungu ya nyama, kama alivyoyajua jikoni. Daktari asimulia hayo kwa kucheka, nasi tulicheka. Kisha tukaulizana: pasipo mpishi huyu, daktari angalimtibu nani?

Maana katika kitabu kicho hicho Schweitzer asema kwamba Mwafrika ni nduguye, ila yeye ni ndugu mkubwa. Hapo hatuwezi kufuatana naye. Kwetu mgeni hata awe na elimu nyingi hajiiti kaka mkubwa katika nyumba aliyokaribishwa, na huyu kila neno la mgonjwa lilimfikia kwa kinywa cha mtu mwingine.

Tena kuna habari ya mshahara. Vita ilipomkatia fedha kutoka Ulaya, daktari alipunguza malipo ya Joseph, faranga 70 zikawa 35. Joseph akaaga, akisema heshima yake haimruhusu kutumika kwa malipo madogo hivyo. Hatumlaumu daktari kwa kupunguza, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amekopa, na sababu alimwambia wazi. Twamlaumu kwa jinsi alivyoiandika, kana kwamba heshima ya mtumishi ni jambo la kuchekesha. Mtu aliyefanya kazi ya mikono, ya ulimi na ya kukumbuka, apewe nusu, asinung'unike?

Mwaka 1917 mume na mke walichukuliwa Ufaransa kama wafungwa, kwa kuwa walikuwa raia wa Ujerumani. Schweitzer alirudi mwaka 1924, akapewa Nishani ya Amani ya Nobel ya mwaka 1952, akafa palepale Lambaréné mwaka 1965. Walimu wenzetu wakikipata kitabu hiki wakisome, na kila mahali jina la Joseph litokeapo waende polepole.