Njano ya Mashine, Njano ya Boti

Boti ya faiba iliyoundwa Marekani, kisha ikaja kufungwa mashine ya Yamaha, huwa na mifumo miwili ya rangi ndani ya chombo kimoja. ABYC, baraza linaloandika viwango vya boti kule, huruhusu waya wa hasi uwe wa njano au mweusi. Njano ilipendelewa kwa kuwa katika umeme wa majumbani Marekani mweusi ndio wenye moto. Yamaha ni kinyume: njano ni chanya, hupata umeme ufunguo ukiwashwa, na hasi ni nyeusi. Anayeunga njano kwa njano anatengeneza shoti. Kahawia nayo, upande wa boti huendesha pampu ya ngama, upande wa mashine huamsha starta. Wa kuogopwa zaidi ni mweupe wa Yamaha, unaogusishwa na mweusi ili kuzima mashine. Ukiupelekea volti 12 unaweza kuunguza CDI, kile kifaa kinachoendesha cheche za mashine, na hiyo hainunuliwi kwa bei ya fyuzi.

Ndiyo maana uchunguzi hauanzii kwenye dashibodi bali kwenye betri. Fungua nyaya zote zilizokaa kwenye chanya, rudisha mmoja mmoja, tazama kinachowaka, kisha ubandike jina la kazi yake. Rangi iandikwe pembeni tu. Katika boti iliyopita mikono mingi utakuta nyaya za redio iliyong'olewa zamani bado zina moto. Ziondoe zote. Kuziacha eti huenda zikafaa ndiko kulikozaa fujo yenyewe.

Mita nayo hudanganya. Taa ya omoni haiwaki, unapima kwenye soketi isiyo na balbu, unasoma volti 12.6, unalaumu balbu. Lakini mita yenyewe haivuti umeme wa maana. Waya ulioliwa na chumvi ukabaki na uzi mmoja wa shaba utaonyesha 12.6 vilevile. Ufungie mzigo, hata balbu ya gari ya wati 21, upime tena. Volti zikianguka hadi 9, ugonjwa uko njiani. Sasa, mzigo ukiwa umewaka, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na ya pili kwenye hasi ya taa: kinachosomeka hapo kinapotelea kwenye njia ya kurudi. Mafundi wengi huihangaikia chanya na kuisahau hiyo.

Unene wa waya ni hesabu tu. Redio ya VHF inayovuta ampea 5 wakati wa kuzungumza, ikiwa mita 6 kutoka kwenye betri, ina mita 12 za waya kwenda na kurudi. Waya wa milimita za mraba 1.5 hupoteza kama volti 0.7, karibu asilimia 6, wakati kikomo cha ABYC kwa vifaa vya namna hiyo ni asilimia 3. Wa milimita 4 hupoteza chini ya 0.3. Uwe wa shaba iliyopakwa bati, tena wa nyuzi nyingi. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene hukatika kwa mtikisiko.

Fyuzi hulinda waya kabla ya kifaa, kwa hiyo hukaa karibu na betri, sentimita 18 hivi. Pampu ya ngama peke yake huungwa kabla ya swichi kuu, kwa fyuzi yake, ili ifanye kazi hata boti ikiwa imezimwa na kuachwa nangani.