Ndimi Mbili Zisizopatana

Mwezi wa Oktoba, joto la Lubumbashi lilipokuwa limekwisha lainisha nta hata ndimi kadhaa zikang'oka, niliipeleka kodiani kuukuu ya marehemu mjomba wangu kwa fundi mmoja wa Kamalondo, naye akaifungua mezani, nikaziona safu za ndimi hizo, vipande vya chuma vyembamba kama ukucha, ambavyo upepo wa viriba ukivipitia hutetemeka. Na asili ya ala hii ndiyo hiyo tangu Cyrill Demian alipoisajili mjini Vienna mwaka 1829.

Ladha ya kodiani ya Ulaya, hususan ile ya musette, muziki wa dansi wa Paris, haitokani na usahihi wa ndimi hizo, bali na hitilafu iliyokusudiwa. Kwa sauti moja fundi huweka ndimi mbili: mmoja huulinganisha na mitetemo 440 kwa sekunde, na wa pili huukwangua kwa tupa karibu na ncha hata ukafika 443, kwa hiyo sauti hizo, zikikutana hewani, hupatana na kuachana mara tatu kila sekunde, na sikio, lisilojua hesabu, husikia mtikisiko mmoja latifu. (Akikwangua karibu na shina, sauti hushuka, ndiyo maana mkono wa fundi hauna pupa.) Tofauti ikizidi, utamu hugeuka kero.

Utamu huo mpiga kodiani wa Kongo Camille Feruzi, ambaye jina lake kwa Kiswahili ni kito, aliuingiza katika rumba na kuurekodi kwa kampuni ya Ngoma, iliyoanzishwa Leopoldville mwaka 1948, ilhali waltz ya musette huhesabu tatu na rumba nne. Na kwa maoni yangu hapo ndipo ustadi wake ulipo, maana viriba havina budi kupumua mahali pasipozoea.

Kwetu Katanga gita ndilo lililotamalaki. Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, alitenda kwa vidole viwili kazi ya mikono miwili ya kodiani: dole gumba likishika besi, na cha shahada kikiimba juu yake.

Fundi wangu alitaka kuzisawazisha ndimi zote kwa kipimo kilichomo simuni mwake.

"Papa, niachie ile mitetemo mitatu ya tofauti," nikamsihi.

Akanitazama, akaizima simu, akainamisha sikio.